Heri Kamera Inayokera

Betri inayokatika kabla keki haijakatwa ina faida zake, na leo nataka kuitetea. Kila msimu wa kahawa unapoelekea ukingoni hapa Mbozi, sisi tunaopiga picha za sherehe Mlowo, Vwawa na Tunduma tunarudi kwenye mjadala uleule: tununue bodi mpya za kamera au tuendelee na hizi tulizonazo? Hela ya kahawa ikishaingia mifukoni, sendofu na harusi zinafuatana, na kila mpiga picha anatamani aonekane na kamera iliyotoka juzi. Mimi nimebaki na yangu ya zamani, na kinachonibakiza ni yaleyale ambayo wenzangu wanayataja kama kasoro zake.

Nianze na hiyo betri, maana ndiyo inayolalamikiwa kuliko chochote. Kwenye kamera za zamani zenye kioo ndani, jicho linaona mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, na kuchungulia hakuli umeme. Hizi za sasa zisizo na kioo zinakuonyesha picha kwenye skrini ndogo, kwa hiyo sensa inafanya kazi na skrini inawaka muda wote unapojiandaa, hata kama hujabonyeza chochote. Ndiyo maana Sony a7 ya mwaka 2013 ilihesabiwa kupiga picha kama 340 tu kwa chaji moja, kwa kipimo cha watengenezaji wa Japani, na a7 III iliyotangazwa 2018 ikapewa betri kubwa zaidi na kufika 710. Kamera yangu nayo haina kioo, tena ni ya kile kizazi cha betri ndogo. Ongeza na baridi ya Juni na Julai huku nyanda za juu. Asubuhi yenye ukungu betri ya lithiamu inazubaa, na iliyosoma nusu inazima ghafla. Ukiitoa ukaiweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, baada ya muda inarudisha nguvu kidogo. Wapiga picha wa Mbozi tunatembea na betri kifuani kama mama anavyobeba kifaranga kilichopigwa na mvua.

Sasa tazama betri hiyo inakufanyia nini ukumbini. Huwezi kuiacha kamera ikiwaka huku ukisubiri bahati. Unaizima, unasimama, unaangalia kwa macho yako. Unajua maharusi wakiingia kwa muziki, wageni wote watawageukia wao, na unajua pia kwamba wakati huohuo mama wa binti, pale mbele, anashika pindo la kitenge chake na kulikunjakunja kwa vidole. Kidole gumba kinapita juu ya mshono, kinarudi, kinapita tena. Halafu binti anafika usawa wake, mkono unasimama. Picha ni hiyo. Mwenye kamera ya kupiga picha 10 kwa sekunde ataipata naye, akiwa ameelekeza lenzi huko. Ila nimeona mara nyingi kwamba mwenye kamera ya kasi anaielekeza kule ambako kila mtu anaangalia, kwa sababu hana haja ya kuchagua. Mimi betri inanilazimisha nichague. Baadaye tena, mwenzangu anakaa na kompyuta kutwa nzima akitafuta picha moja katikati ya 50 zinazofanana, na familia inasubiri. Watu wa hapa wanataka picha zao kabla shangazi hajapanda basi kurudi Sumbawanga.

Fokasi nayo inahangaika gizani. Kumbi zetu siku hizi zinawashwa taa za LED za zambarau na bluu, zinazunguka kufuata muziki, na lenzi yangu inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, wakati bwana harusi anamlisha bibi harusi keki. Inakera kwelikweli. Lakini kero hiyo ndiyo iliyonifundisha kufika ukumbini mapema, kumtafuta mshereheshaji na mpambaji, na kuwaomba waache taa moja nyeupe juu ya meza kuu, pembeni kidogo ili nyuso zipate kivuli upande mmoja. Wanakubali karibu kila mara, kwa sababu wao pia wanataka kazi yao ionekane. Kamera mpya zinalitambua jicho la mtu zenyewe na kuling'ang'ania hata akicheza. Ni ufundi wa ajabu na nauheshimu. Hata hivyo, jicho lililo kwenye mwanga wa zambarau litatoka zambarau, liwe kwenye fokasi au lisiwe. Taa ile nyeupe haiuzwi pamoja na bodi.

Halafu kuna mlio wa shata. Kamera yangu ina sauti, tena si ndogo, na kanisani huwa napiga kwa kuhesabu: wakati wa wimbo, si wakati wa sala. Bodi nyingi mpya zinaweza kupiga kimya kabisa kwa shata ya kielektroniki, na wengi wananunua kwa ajili hiyo. (Kimya hicho nacho kina bei yake: chini ya baadhi ya taa za LED, shata ya kielektroniki inaacha mistari myeusi kwenye picha.) Mimi nautaka mlio. Mzee wa miaka 80 ukimkalisha kwenye kiti mbele ya nyumba yake, anajikaza. Mabega yanapanda, mdomo unafungwa, mikono inakaa magotini. Anangoja sauti. Akishaisikia anapumua, mabega yanashuka, anamgeukia mjukuu kuuliza, "Tayari?" Hapo ndipo nabonyeza mara ya pili. Picha ambazo familia zinaweka kwenye fremu sebuleni, na ambazo siku ya msiba hubebwa mbele ya jeneza, nyingi ni hizo za mara ya pili. Kwa kamera ya kimya mzee angebaki amejikaza, maana hakuna kilichomwambia kwamba kazi imekwisha.

Vumbi nitalitaja kwa ufupi. Kiangazi malori ya Tunduma hayaishi barabarani na vumbi halilali. Kamera isiyo na kioo ukiivua lenzi, sensa iko wazi. Canon EOS R ya 2018 ilikuja na shata inayojifunga ukizima kamera, na Sony a7 IV nayo inaweza kufanya hivyo, yangu haiwezi. Basi sibadilishi lenzi nje. Nikitaka karibu, nasogea, na nikisogea lazima nisalimie, lazima nijulikane jina, na mtu aliyekusalimia hakunji uso.

Kuhusu megapikseli, hesabu inatosha kumtuliza mtu. Faili ya megapikseli 24 ina nukta 6000 kwa 4000. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13, kubwa kuliko A3. Picha ya albamu ya inchi 6 kwa 4 inahitaji megapikseli zaidi kidogo ya 2. Sony yenyewe ilitoka a7 ya 2013 hadi a7 III ya 2018 ikibaki kwenye 24 zilezile, na a7 IV ya 2021, yenye 33, imeongeza urefu wa picha kwa asilimia 17 hivi tu. Mwenye shaka aende Ndolezi, akapige Kimondo cha Mbozi jua likiwa limelala magharibi. Lile donge la chuma lina urefu wa mita 3 hivi, na mashimo yake, mikwaruzo na ile sehemu iliyokatwa sampuli vinatoka vyote kwenye kamera ya zamani. Akienda saa sita mchana, hata bodi ya megapikseli 60 itampa jiwe jeusi lisilo na umbo.

A7 IV ilitangazwa kwa dola 2,500 hivi, bila lenzi. Kwa shilingi, hiyo ni zaidi ya milioni 5, na kijana wa Mlowo kwa fedha hiyo ananunua bodaboda mpya na chenji inabaki. Anayepiga mpira, wanyama wa mbugani au video ya kazi kubwa, sibishani naye. Kazi yake inadai kasi, na anunue. Kwa sherehe na picha za wazee, fedha hiyo ingepita kwanza kwenye lenzi yenye tundu kubwa, flashi mbili, na stendi zisizoanguka watoto wakipita mbio.

Kuna kero moja tu ambayo sitaisifu. Kamera yangu ina nafasi moja ya memori kadi. Betri ikikatika unaweka nyingine, fokasi ikipotea unajaribu tena, lakini kadi ikifa na viapo vilivyomo, hakuna mchungaji atakayewarudisha watu madhabahuni. Kwa hiyo sherehe ikigawanyika, nagawanya kadi: ya kanisani naitoa kabla hatujaondoka na kuihamishia kwenye kompyuta wakati wageni wanakula. Hilo linapunguza hasara, haliiondoi, na mtu aliyenikabidhi harusi ya mwanawe anastahili zaidi ya hapo. Ndiyo sababu pekee iliyonifanya nianze kuweka akiba, na akiba yenyewe ni ya a7 III iliyotumika, ambayo inaandika kadi mbili kwa pamoja na kuniachia fedha ya lenzi. Nikiipata, mlio wa shata nitauacha umewashwa.