Maji ya Magoti

Mtu mzima asiyejua kuogelea ndiye mteja halali wa bustani ya michezo ya maji, ila mwenyewe ndiye wa mwisho kulijua hilo. Anafika getini Jumamosi asubuhi, Kunduchi kwa watu wa Dar es Salaam, Nyali kwa watu wa Mombasa, kabeba taulo za watoto na kapu la chapati ambalo mlinzi analizuia kwa sababu chakula cha nje hakiruhusiwi. Analipa kiingilio kizima, sawa na wenzake. Kisha anatafuta kivuli, anavuta kiti cha plastiki na kutangaza kwamba yeye leo kazi yake ni kulinda viatu.

Viatu vyenyewe ni kandambili za watoto. Hakuna mwizi aliyewahi kuzitamani.

Angeijua historia ya bustani za namna hiyo, angevua shati mapema. Mwaka 1977 Mmarekani George Millay, mmoja wa waanzilishi wa SeaWorld, alifungua Wet 'n Wild mjini Orlando, Florida, bustani inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake. Bwawa la kawaida humdai mtu ujuzi: ama unajua kukata maji, ama unakaa pembeni. Bustani ya maji ikaligeuza jambo hilo. Kazi yote inafanywa na pampu, mteremko na uvutano wa dunia. Mteja anatakiwa kukaa, kujiachia na kulowa. Wet 'n Wild ya Orlando ilifungwa mwisho wa mwaka 2016, lakini wazo lake lilikwisha kuenea kila penye jua na watu wa kulipa kiingilio. Na hesabu inaeleweka. Utafiti wa maoni wa Lloyd's Register Foundation wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu duniani hawawezi kuogelea bila msaada. Mfanyabiashara gani mwenye akili timamu atajenga kitu cha kufukuza nusu ya wateja?

Basi, baada ya saa nzima ya kulinda kandambili, joto linamshinda. Anaanza na mto wa uvivu, na hapo hajakosea: ni mfereji unaozunguka, maji ya kiunoni, mkondo wa taratibu na maboya ya duara ya kukalia. Kule Dubai, katika bustani ya Wild Wadi iliyofunguliwa mwaka 1999, mto wa namna hiyo umepewa jina la Juha, yule yule wa hadithi za Waarabu, na ukiwatazama wageni wa mara ya kwanza wanavyopanda maboya utakubali kwamba aliyechagua jina aliwahi kukaa pale akatazama.

Boya la duara lina hila zake. Mtoto hulirukia kwa makalio, imetosha. Mtu mzima hulishika kwa mikono miwili, akainua mguu mmoja kama anayepanda bodaboda, boya likatangulia, yeye akabaki ametanuka kati ya ngazi na mkondo. Akifanikiwa, makalio yamezama kwenye tundu, magoti yako usawa wa masikio, na hana tena namna ya kujiongoza. Anapita mbele ya familia, anapunga mkono. Mzunguko wa pili anapunga tena. Mzunguko wa tatu mkewe anatambua kwamba ile si furaha: bwana kila akizifikia ngazi za kutokea ananyoosha mkono, hazishiki, mkondo unampitisha. Watoto wake wanadhani anacheza. Mwisho anaokolewa na binti wa miaka kama minane, wala si wake, anayelivuta boya hadi ukingoni kwa mkono mmoja.

“Shikamoo babu. Shuka hapa.”

Babu ana miaka arobaini na mitatu.

Hapo ndipo anapolikumbuka jaketi la uokozi, ambalo asubuhi alilikataa kwa kuwa lina rangi ya machungwa na katuni ya pomboo. Asilikatae. Mwili wa binadamu nusura uelee wenyewe. Wengi wa watu wazima huhitaji msaada wa kilo 3 hadi 6 tu kukiweka kichwa juu ya maji, hata kama mizani ya nyumbani inasoma 95. Kitambi, kinachosemwa vibaya kila mahali, majini kina faida yake, maana mafuta huelea. Tatizo ni saizi. Majaketi yaliyotundikwa kwenye kibanda mara nyingi yanawatosha watoto na vijana wembamba. Mwenye mwili anapewa lililobaki, zipu inagoma katikati ya kifua, mkanda mmoja umekatika. Na jaketi lisilofungwa vizuri hupanda. Lenyewe linakwenda juu, mwenye jaketi anabaki chini, uso unachungulia kwenye tundu la shingo na kidevu hakionekani kilipo.

Slaidi ni habari nyingine. Kule juu kijana wa zamu anamwambia alale chali, akunje mikono kifuani, apishanishe vifundo vya miguu. Wengi hudhani ni madoido. Miguu ikiachana kwenye kasi kubwa, maji yanaingia pasipotakiwa, jambo ambalo halikuandikwa kwa urefu kwenye bango kwa sababu za adabu. Mteremko wa Leap of Faith katika bustani ya Aquaventure, Dubai, unashuka kama mita 27, karibu wima, kisha unapita ndani ya bomba linaloonyesha, lililozungukwa na maji yenye papa. Mle ndani bingwa wa Olimpiki na mlinda kandambili ni sawasawa: hakuna mtindo wa kuogelea unaomsaidia mtu ndani ya bomba. Wanaachana mwishoni tu, kwenye bwawa la kutua.

Kioja cha kutua hakihitaji Dubai. Kwenye bustani moja ya pwani, jamaa anatoka kwenye mdomo wa slaidi kwa kishindo, maji yanamwingia puani, juu na chini havijulikani, vita inaanza. Anapiga maji kwa mikono yote miwili. Anamwita mkewe, anamwita marehemu mama yake, anamwita Mungu kwa majina kadhaa. Mwokoaji, kijana mwenye filimbi shingoni, anasogea ukingoni bila haraka.

“Mzee, simama.”

Mzee anaendelea kuzama.

“Mzee wangu, simama tu. Maji ya magoti hayo.”

Anasimama. Ni ya magoti kweli, pengine na vidole viwili juu. Kaptula imeshuka nusu, pua inatiririka, na huko juu watoto wamepanga foleni wakingoja apishe njia. “Asante, kijana wangu,” anasema kwa sauti ya kikao cha wazazi shuleni, na kutembea hadi ngazini taratibu, kama vile aliingia kukagua vigae.

Utulivu wa yule kijana haukuwa dharau. Francesco Pia, mwokoaji wa miaka mingi katika ufuko wa Orchard Beach, Bronx, jijini New York, aliwapiga filamu watu waliokuwa wakizama kweli, akaeleza alichokiona: anayezama kwa kawaida hawezi kuita, kwa kuwa mdomo unashughulika na kutafuta hewa, hapungi mkono, kwa kuwa mikono inayakandamiza maji kwa pembeni, mwili unasimama wima, na ana kama sekunde 20 hadi 60 kabla ya kwenda chini. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Wanaolinda mabwawa wanamwogopa zaidi yule aliyenyamaza. Anayeutaja ukoo wake mzima kwa sauti bado ana pumzi, ingawa ni vyema kumsogelea, kama alivyofanya kijana. Mzazi aliyekaa kitini akichezea simu na kungoja asikie kelele ndiye wa kukemewa, awe anajua kuogelea au hajui.

Mahali pa kuogopa kwa haki ni bwawa la mawimbi. Si jambo geni: Hoteli ya Gellért ya Budapest ilikuwa na bwawa la mawimbi tangu mwaka 1927. Siku hizi mengi huendeshwa kwa feni kubwa zinazosukuma hewa ndani ya vyumba vilivyojificha upande wenye kina kirefu. Hewa inayakandamiza maji, maji yanatoka kwa chini, wimbi linakimbilia upande wa kina kifupi. Sakafu imeinamishwa mfano wa ufuko, kwa hiyo kila hatua ya mbele inaongeza kina, na wimbi linaporudi linamvuta mtu huko huko. Honi inalia, watu wanapiga vigelegele, na yule aliyekuwa kwenye maji ya kifua anajikuta na vichwa vya watu pande zote na chini hakuna alichokanyaga. Boya halisaidii sana, kwa kuwa wimbi hulipindua. Jaketi linasaidia. Kukaa pale wimbi linapofia kwenye ugoko kunasaidia zaidi, na raha haipungui hata kidogo. Waliokaa pale na vitoto vyao ndio wanaocheka muda wote.

Wengine humcheka mtu wa pwani asiyejua kuogelea, kana kwamba kuzaliwa karibu na chumvi kunafundisha. Hakufundishi. Pwani nzima wako wanaume wanaovua na wanawake wanaolima mwani ambao hawajawahi kufunzwa kuogelea. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na picha za masomo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo katika shindano la World Press Photo la mwaka 2018. Wanawake wazima walijifunza pale kwa kuanzia na kuelea tu. Mtu mzima akijiandikisha kwa mwalimu hatakuwa wa kwanza, na hatakuwa wa ajabu.

Mpaka siku hiyo ifike, ana haki ya kulowa kama wengine. Kwa wenye bustani za maji, ombi ni dogo na linalipika kutokana na kiingilio cha Jumamosi moja: nunueni majaketi ya watu wenye miili yao, yasiyo na katuni, na mikanda iliyokatika ishonwe. Kina kiandikwe kwa tarakimu kubwa palepale mtu anapotua, siyo kwenye ukuta ulio nyuma yake. Na chapati mziruhusu.