Anaaga Tangu 1989

Robert Smith anatuaga tangu mwaka 1989. Mwaka huo bendi yake, The Cure, ilitoa albamu ya Disintegration, ikazunguka nayo dunia, na yeye akasema ziara za namna ile basi tena. Mwaka 2000 ikatoka Bloodflowers, akasema hiyo sasa ndiyo ya kufungia kazi. Ni yule mgeni aliyesimama mlangoni tangu alasiri, viatu mguuni, "haya jamani, mie nakwenda," na isha inamkuta palepale akiuliza kama birikani kumebaki kitu. Sisi mashabiki wake hatunyanyuki tena kumsindikiza.

Mtu akishakuaga mara zote hizo, neno lake linapungua thamani, na pengo lake linajazwa na umbea. Katika kundi letu la mashabiki, shemeji wa fundi wa taa aliyewahi kufanya kazi kwenye ziara moja anaaminika kuliko Robert mwenyewe. Wala si ujinga, ni uzoefu. Mwaka 2014 Robert alitutangazia albamu iitwayo 4:14 Scream, pacha wa 4:13 Dream ya mwaka 2008. Pacha huyo hajazaliwa hadi leo. Mwaka 2019 akasema ipo nyingine, ya huzuni tupu, na anataka itoke mwaka huohuo. Ukapita. Ukaja 2020, dunia nzima imefungiwa ndani, hata jirani yangu asiyejua kushika gitaa akatoa wimbo, Robert kimya. Mwaka 2022 akataja jina la albamu, Songs of a Lost World, na Oktoba bendi ikaanza ziara mjini Riga, Latvia, ikipiga nyimbo za albamu ambayo haiko dukani. Watu wakazirekodi kwa simu, wakazihifadhi kichwani, wakagombana ipi bora, wengine wakaanza hata kuzichoka. Albamu yenyewe bado.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Crawley, kusini mwa London, napakia mizigo uwanja wa ndege wa Gatwick. Crawley ndiko alikokulia Robert. Sikuhamia huku kwa ajili yake. Nilifuata kazi, na kodi ya chumba ilikuwa inalipika. Lakini jaribu kumweleza hivyo shabiki wa Mexico au wa Poland. Ukisema unaishi Crawley, yeye anaelewa unaishi sebuleni kwa Robert. Basi mimi, ambaye mwimbaji huyu sijamwona hata kwa mbali, nikateuliwa bila kuulizwa kuwa mjumbe wa eneo la tukio. Nenda kaangalie kama shule aliyosoma imepigwa rangi. Kamuulize mwenye duka la magazeti kama kaonekana. Mwenye duka la magazeti alinijibu kwa upole kwamba kila siku anamwona, ila alikuwa anamzungumzia Robert mwingine, wa mabomba.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote kuhusu mji huu ni kwamba nusu ya watu wake wanakula kwa ndege, na mwanawe maarufu alikuwa anaziogopa. Mwaka 1989 bendi ilikwenda Marekani kwa meli, Queen Elizabeth 2, siku kadhaa baharini, kwa sababu ndege hazimkai. Niliwahadithia wenzangu kazini wakati wa chai. Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza kwa umakini kabisa kama kwenye meli hiyo nako mwisho wa mzigo ni kilo 23.

Halafu kuna nywele. Asiyemjua Robert Smith aelewe kwanza kwamba mzee huyu, aliyezaliwa 1959, ana nywele zilizosimama pande zote, wanja mzito machoni, na rangi nyekundu ya mdomo iliyovuka mipaka ya mdomo. Ndivyo alivyo tangu ujanani. Mwaka 1986 alizikata, ikawa habari. Kwenye filamu ya onyesho lao la Orange, Ufaransa, mwaka huohuo, anaingia na wigi, linavuliwa, na chini yake kuna kichwa kilichonyolewa mfano wa mwanafunzi wa bweni. Jeraha hilo halijapona. Mpaka leo kila baada ya muda anatokea mtu kundini na picha ya kisogo. Usiku mmoja tulikesha tukichunguza kisogo kilichopigwa picha ndani ya treni, wataalamu wakapima masikio, wengine wakaanza kuomboleza. Kulipokucha mpiga picha akaleta picha ya pili, kisogo kimegeuka: mama mmoja wa makamo, amekasirika.

Wala sitaki msomaji afikiri sisi hufurahia uongo. Mwenyewe akisema jambo la maana tunasikia, tena vizuri, kwa kuwa mtandaoni huandika kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho. Machi 2023, tiketi za ziara ya Marekani zilipoanza kuuzwa, baadhi ziliwekwa dola 20 makusudi ili mtu wa kawaida aingie, kisha makato yakaizidi bei ya tiketi yenyewe. Robert akapiga kelele kwa herufi zake, na kampuni ya tiketi ikakubali kurudisha dola 10 kwa walionunua za bei ya chini kabisa na 5 kwa wengine. Ni msanii gani mwingine unayemjua aliyewahi kukurudishia chenji? Ila hata siku hiyo njema haikupita salama. Mwenzetu mmoja alijumlisha 10 na 5, akapata 15, akatangaza albamu inatoka Mei 15. Tukaisubiri.

Sasa nije kwenye bango. Septemba 2024, nimetoka zamu ya usiku, simu inatetemeka mfukoni haitulii. Kwenye baa ya The Railway hapa Crawley, iliyokuwa ikiitwa The Rocket enzi zile Robert na wenzake wanapiga pale hawajulikani hata na majirani, limeonekana bango lenye jina la albamu na tarehe kwa namba za Kirumi. Watu walioko Mexico, ambao saa hizo walipaswa kuwa wamelala, walikuwa wananiamrisha nikimbie.

Nikaenda nilivyo: koti la kazini la kung'aa, kitambulisho shingoni, soksi mbichi. Alfajiri, giza bado halijaondoka. Nikainua simu. Hapo likaja lori la bia, likaegesha kwa kupanda ukingo wa barabara, na dereva akaniona: mtu mwenye koti na kitambulisho, anapiga picha. Akaruka chini.

"Bosi, dakika mbili tu."

Nikamwambia mimi sihusiki na maegesho, napiga picha bango.

"Najua, najua. Na yule wa juzi alisema anapiga picha ndege."

Akaja kusimama kati yangu na ukuta, akinieleza uzito wa mapipa, maumivu ya mgongo, ada za watoto. Kila nikihama kushoto, naye kushoto. Naye pia alikuwa amevaa koti lenye mistari ile inayorudisha mwanga. Nikabonyeza, flashi ikawaka, na picha iliyofika kundini ilionyesha mistari miwili ya fedha ikimeremeta gizani, na pembeni herufi mbili tatu za Kirumi zilizokatika.

Ndani ya dakika chache tafsiri zikaanza kumiminika. Mistari miwili, albamu mbili. Si Robert mwenyewe aliyewahi kusema kwamba ya pili nayo iko njiani? Mwingine akaona kwamba kati ya mistari kuna weusi, na weusi huo ni albamu ya tatu. Nikaandika wazi kwamba hilo ni koti la dereva wa bia. Dada mmoja akajibu, "Dereva wa nani?" Kufika saa nne asubuhi dereva yule alikuwa mpiga besi mpya wa The Cure, na watu wanamsikitikia wa zamani.

Baadaye zikaja picha nzuri za watu wengine, tarehe inasomeka: Novemba 1, 2024. Bango lipo, mji ni wake, baa ni yake, tarehe hiyo hapo. Hakuna aliyeamini. Ukweli ulipofika haukumkuta mtu nyumbani. Wote walikuwa wametoka kutafuta tetesi. Walisema tarehe za Robert tunazijua, wakamtafuta shemeji wa fundi wa taa. Septemba 26 ukatoka wimbo wa Alone, bado wapo waliosema wimbo mmoja si albamu. Ilitoka siku ileile iliyoandikwa ukutani, na usiku huo The Cure wakapiga ukumbi wa Troxy, mashariki mwa London, karibu saa tatu mfululizo. Ikaenda namba moja Uingereza, jambo ambalo bendi haikuwa imelipata tangu Wish ya 1992. Ni albamu nzuri kupita kiasi, nasema hivyo nikijua kwamba sipendi mtu aliyetusubirisha miaka 16 apewe sifa haraka.

Kwa furaha nikabandika picha kubwa ya Robert juu ya kitanda. Jumapili shangazi akapiga simu ya video kutoka Makorora, Tanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nani huyo nyuma yako?"

Nikamweleza: mwimbaji, albamu yake imetoka baada ya miaka kumi na sita, ina nyimbo nane.

"Nyimbo nane? Miaka miwili kwa wimbo mmoja? Huyo anaziimba au anazilima?" Akasogeza macho karibu na simu. "Wanja kaupaka vizuri. Wanja ni sunna, babu yako akipaka kila Ijumaa. Ila mdomo huo kajipaka umeme umekatika."

Tukacheka, tukaagana. Bahati mbaya nyuma ya shangazi alikuwepo jirani, kaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Jirani hakusema uongo hata mmoja. Alisema tu kwamba yule kijana wa Uingereza kaweka picha ya Mzungu juu ya kitanda, kajipaka wanja na rangi ya mdomo. Habari ilipotoka Makorora ilikuwa picha. Ilipofika Ngamiani ilikuwa uchumba. Chumbageni iliwasili na watoto wawili wakubwa wa ndoa ya kwanza. Juma halijaisha, mjomba akanipigia, na mimi, nikidhani shangazi kamhadithia, nikamjibu kila alichouliza.

"Nimesikia habari za huyo wako. Ana umri gani?"

"Sitini na tano, mjomba."

Kimya. Nikasikia kikombe kinawekwa mezani.

"Ana ndoa?"

"Anayo, tangu 1988. Walikutana shuleni."

"Na huyo mwenziwe anajua?"

"Anajua nini?"

"Haya. Kazi yake?"

"Muziki. Ila amesema ataacha 2029, akifika miaka sabini. Mimi siamini, kila mara anasema hivyo."

"Kwa hiyo utamlisha wewe," akasema mjomba, akakata.

Nilimpigia shangazi usiku huohuo. Akaapa kwamba amemweleza kila mtu ukweli, nyumba kwa nyumba, ni mwanamume, mwimbaji, ana mke wake. Hawamsikilizi, wanasema anaficha siri ya familia. Kitambaa cha sare kimeshanunuliwa, na wamechagua cheusi, kwa kuwa wameona ndiyo rangi anayoipenda mwenyewe. Dukani hawakirudishi. Kilichobaki, akasema, ni mimi kumjibu fundi cherehani, ambaye amekwama kwenye jambo moja tu: shela litakaaje juu ya nywele zile?