Pesa Zipo, Kasma Haipo

Hakuna mtu aliyewahi kugombea uhazini. Uenyekiti hugombewa kwa vikao vya usiku, ukatibu hutafutwa kwa maneno matamu, lakini mhazini huchaguliwa kwa kutazamwa. Watu wananyamaza, macho yanazunguka chumbani, kisha mmoja anasema, "Huyu mzee ana mwandiko mzuri," na kabla hujameza mate umeshapigiwa makofi. Ndivyo nilivyoangukiwa na hesabu za asasi yetu ndogo, inayowanunulia sare na madaftari watoto wa shule wasio na mtu wa kuwanunulia. Mshahara hakuna. Posho hakuna. Lawama zipo, tena hizo hazina ukomo wa bajeti.

Mfadhili alipoliona daftari langu, safu moja ya zilizoingia, safu moja ya zilizotoka, na chini yake maneno "bado zipo", aliagiza nipelekwe mafunzoni. Halmashauri ilikuwa inawanoa watu wake, nasi wa asasi tukaruhusiwa kujibanza humo humo. Nikajikuta katikati ya walimu wakuu, waganga wafawidhi wa zahanati na watendaji wa vijiji, wote wana sura za watu waliosomea kitu kingine. Mwalimu aliyekaa kando yangu alisomea Kiswahili na historia. Lakini tangu 2017, hapa Tanzania, shule za msingi na zahanati za serikali zimeingizwa katika mfumo wa hesabu unaoitwa FFARS, kwa hiyo mtu aliyezoea kusahihisha insha sasa ndiye anayeulizwa kwa nini salio la benki halioani na la daftari. Mganga naye anatoka kuchoma sindano, ananawa mikono, anaingia kuandika hati ya malipo. Na zikija fedha za kujenga darasa kwa kutumia mafundi wa mtaani, mwalimu huyo huyo asimamie kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, ahesabu nondo, ahesabu saruji, kisha arudi darasani kufundisha vitenzi.

Mkufunzi wetu alikuwa binti mhasibu, rika la mwanangu wa mwisho, na adabu zake zote. "Shikamoo baba," akaniamkia. Nikaitikia marahaba kwa raha zangu.

"Baba, asasi yenu ina shilingi ngapi benki?"

"Milioni mbili na ushee," nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi meza ya watendaji.

"Za nini?"

"Za sare. Na za madaftari."

"Na za kuendesha ofisi?"

Nikapekua makaratasi. "Elfu kumi na moja."

"Basi baba, una elfu kumi na moja."

Chumba kizima kilicheka, watendaji wakazidisha. Ila ndilo somo lenyewe, na sijalisamehe hadi leo. Nyumbani pesa ni pesa. Ya mboga ikizidi inalipa umeme, ya umeme ikizidi inamnunulia mtoto viatu. Huku kwenye mali ya umma na ya wafadhili, kila shilingi inakuja na mwenyewe, na mwenyewe ameshaiambia iende wapi. Mahali pa kuiandikia panaitwa kasma. Kama kasma haipo, pesa haipo, hata kama unaiona kwa macho yako kwenye taarifa ya benki. Ni sawa na kulala njaa katika nyumba yenye vyungu kumi vya wali, kila chungu kina kufuli na ufunguo yuko nao mtu wa Ulaya.

Msidhani natia chumvi. Wino wa mashine yetu ya kuchapa uliisha wiki ile ile ya kuandaa ripoti ya fedha za sare. Fedha za sare zilikuwepo. Kununulia wino haziruhusiwi, maana wino si sare. Kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine lazima kuombwe kwa barua rasmi yenye saini na mhuri. Na barua rasmi, ndugu msomaji, lazima ichapwe.

Kuhusu bajeti yenyewe, mwalimu jirani yangu alinionyesha yake. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi hupigwa kwa kipimo cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Akachukua kalamu, akaigawa hiyo elfu kumi kwa siku 194 za masomo. Ikatoka shilingi 51 na senti kwa siku. "Hapo ndani," akaninong'oneza, "kuna chaki, ukarabati, mitihani na michezo." Nikamuuliza ameipangaje. Akasema kuipanga si kazi, jedwali linakubali chochote unachoandika. Kazi ni kueleza baadaye.

Na kueleza ndiko kulikonitoa jasho. Mimi nilijua mtu hujieleza akizidisha matumizi. Binti akasema hapana, ukitumia pungufu ya ulichopanga nalo ni kosa la kueleza: bajeti hii, matumizi halisi haya, tofauti hii, sababu yake andika hapa. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, mwanangu, mwaka jana nilibembeleza muuza vitambaa mpaka akanipunguzia, nikaokoa pesa ya watu. Nyumbani kwangu ningepikiwa kuku. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Hongera baba. Sasa andika kwa nini watoto wengine hawakupata sare ilhali fedha ilibaki." Nilikaa chini. Hakusema uongo; hiyo ndiyo shida ya taaluma hii, kila anachokuudhi nacho mhasibu kina maana.

Serikalini ni pagumu zaidi, maana bakaa ina tarehe ya kufa. Mwaka wa fedha wa serikali huisha 30 Juni, na fedha isiyotumika hadi hapo kwa kawaida huanza safari ya kurudi Hazina. Ndiyo maana mwezi Juni ukipita kwenye ofisi za umma unakuta matairi mapya, rangi mpya na warsha zilizokuwa zimelala tangu Septemba. Watu hulaumu ubadhirifu. Mtendaji mmoja aliyekaa nyuma yangu aliniambia fedha yenyewe mara nyingine huingia Mei, na Mei hadi Juni hujengi choo, labda upake rangi cha zamani. Hapo nilimwamini.

Halafu kuna hili la miaka. Serikali inaanza mwaka Julai, sawa na Kenya na Uganda. Mfadhili wetu anaanza Januari. Shule zinafungua Januari, lakini sare zinashonwa Desemba, kwa hiyo sare zinavaliwa mwaka ambao hazikulipiwa. Kila mwenye mwaka wake anataka ripoti yake, kwa fomu yake, na hakuna hata mmoja anayetaka kusikia habari za mwaka wa mwenzake. Wengine mnasherehekea mwaka mpya. Mimi nafunga hesabu.

Fundi wetu wa meza naye aliingizwa kwenye elimu hii bila kuomba. Tanzania ilianza mwaka wa fedha 2012/13 kuhamia viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, vinavyotaka gharama iandikwe siku inapotokea, si siku pesa inapotoka mfukoni. Mfadhili akapenda nasi tufanye hivyo. Basi fundi alipoleta meza nikaiandika siku hiyo hiyo. Kesho yake akaja.

"Mzee, nimesikia umeshaniandika kwenye vitabu."

"Ndiyo, fundi. Gharama imetambuliwa."

"Kwa hiyo nimelipwa?"

"Hapana. Kwenye vitabu unadai."

Akanitazama kwa muda. "Hata kwenye vitabu?"

Meza yenyewe nayo haijanusurika. Kuna kitu kinaitwa uchakavu: kila mwaka unaipunguzia mali thamani mpaka iishe, iwe imechakaa au haijachakaa. Kompyuta yetu vitabuni haina thamani tena, lakini ndiyo ninayoandikia hayo kwamba haina thamani. Nilimsimulia mama watoto jioni nikidhani atacheka. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akauliza kwa utulivu, "Na wewe ulinunuliwa mwaka gani?"

Tulifundishwa pia kuandika kila jambo mara mbili, mtindo uliochapishwa kitabuni na Luca Pacioli, Venice, mwaka 1494. Hakuubuni yeye, alieleza tu namna wafanyabiashara wa pale walivyokuwa wakifanya. Alikuwa mtawa wa Kifransisko. Nilipoambiwa hivyo nikaelewa mengi: mtu asiye na mke wala karo wala shemeji wa kumkopesha, huyo mizania yake italingana tu.

Ya kwangu haikulingana. Zoezi la usuluhisho wa benki liliniacha na tofauti ya shilingi 500. Wenzangu wanakwenda kula, mimi natafuta 500. Mwisho nikatoa sarafu mfukoni, nikaiweka mezani, nikasema chukueni, yaishe. Binti alishtuka kana kwamba nimetoa kisu. "Baba, ukitia hela yako ndiyo unaharibu kabisa! Leo umeongeza, kesho watauliza uliyopunguza iko wapi." Ikaja kuonekana ni makato ya benki. Benki ilikata bila kuniuliza, bila kasma, bila barua na bila mhuri, na hakuna aliyeipeleka mafunzoni.

Tuliambiwa pia kuhusu mgawanyo wa majukumu: anayeidhinisha malipo asiwe anayelipa, na anayelipa asiwe anayeandika vitabu. Kanuni nzuri sana. Kwetu mwenyekiti anaidhinisha, katibu ni mke wa mwenyekiti, na wakisafiri wote wawili kwenda msibani, mwidhinishaji, mlipaji na mwandishi tunakaa kwenye kiti kimoja, tunaaminiana.

Na hata ukivuka yote hayo, yupo mkaguzi. Kila mwisho wa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais, Aprili ikafika bungeni, na vijiwe vyote vya kahawa vikageuka ofisi za ukaguzi. Yamo majina ya hati za ukaguzi: inayoridhisha, yenye shaka, mbaya, na ile ya mkaguzi kushindwa kutoa maoni. Watu hudhani inayoridhisha ina maana hakuna aliyekula. Binti alitufafanulia kwamba ina maana vitabu vimeonyesha hali halisi bila upotoshaji mkubwa. Ukinunua kalamu kwa bei ya meza, ukaandika vizuri na kuambatisha risiti, vitabu havina tatizo. Swali la kwa nini ulinunua hivyo linaandikwa ukurasa mwingine. Mtendaji wa nyuma yangu aliandika hilo haraka sana. Sikupenda kasi yake.

Lakini adui yangu hasa ni risiti. Duka kubwa lina mashine ya risiti, ile ya EFD, sawa. Mkokoteni hauna. Kijana aliyetubebea marobota ya vitambaa nilimpa fomu ya kukiri kupokea fedha: jina, namba ya simu, saini. Akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee, elfu tatu na saini? Kwani nauza kiwanja?" Nikamweleza habari za viambatisho. Akaniambia kama ni hivyo nimwongeze elfu moja ya kusaini, nayo haina kasma.

Kutoka hapo nimefika ninapotaka kufika. Wapo wanachama waliochukua masurufu ya safari ya kugawa sare vijijini. Wanajifahamu. Nikiwapigia wananiambia tiketi ilifuliwa na suruali, au basi lilikuwa la jioni, au kwani mzee huniamini. Nawaamini wote. Kuamini hakuambatishwi kwenye hati ya malipo. Mkaguzi anakuja mwezi ujao, na yeye hataniuliza nani ni mtu mwema, ataniuliza masurufu yamerejeshwa au hayajarejeshwa. Kwa hiyo, ndugu zangu mnaosoma safu hii: leteni tiketi, hata iliyoloana, hata iliyochanika nusu mradi tarehe inasomeka. Asiye na tiketi alete pesa.