Muulize Mjomba: Valentino Anamdai Nani?

*Mjomba, shikamoo. Naendesha bodaboda, kijiwe changu Kiwalani Bombom. Mchumba anataka waridi jekundu na mtoko Februari 14, na hesabu ya bosi sijatimiza. Nifanyeje? – Mwenye Presha*

Marahaba, mpwa wangu. Umefika penyewe. Kuanzia Bombom mpaka Minazi Mirefu hakuna ndoa iliyosimama bila mkono wangu, na zilizovunjika zilivunjika kwa kutonisikiliza. Nimewahi kupatanisha mke na mume kwenye foleni ya maji, ndoo zikajaa hakuna aliyekumbuka kufunga bomba. Tuyaache hayo, nisije nikaonekana najisifu.

Kwanza umjue huyo Valentino. Roma kwenyewe walikuwapo mashahidi wa dini zaidi ya mmoja wenye jina hilo, na habari zao zimechanganyika. Hadithi tamu inasema Kaisari Klaudio wa Pili, aliyetawala 268 hadi 270, alikataza askari kuoa, padri Valentino akawafungisha ndoa kwa siri, akakatwa kichwa. Utamu huo wa ndoa za siri uliongezwa karne nyingi baada ya marehemu kuzikwa. Ningekuwa mimi nisingekamatwa. Ningefungisha ndoa ndege inapotua hapo Uwanja wa Julius Nyerere, maana saa hiyo Kiwalani hata vigelegele havisikiki.

Wapo wanaosema asili ni Luperkalia, sikukuu ya Warumi ya Februari 15. Mbuzi walichinjwa, ngozi ikakatwa vipande, vijana wakakimbia mjini wakiwachapa nazo wanawake, nao wakijisogeza wenyewe wapate uzazi. Ushahidi wa kuiunganisha sikukuu hiyo na wapendanao ni hafifu, kwa hiyo usijaribu. Bombom ukimchapa mtoto wa watu na ngozi ya mbuzi utalala kituoni. Nyama yake ikibaki, mlango wangu ni ule wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga.

Mapenzi yaliingia karne ya 14, mshairi wa Uingereza Geoffrey Chaucer alipoandika kuhusu ndege wanaokutana siku ya Mtakatifu Valentino kuchagua wenza. Kwetu ndege ni kunguru, wale walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wakavuka mpaka huku. Kwenye nguzo ya umeme mbele ya kibaraza changu kuna kiota chao: vipande vya waya vimesukwa, na katikati kitambaa cha gunia. Hakuna ua hata moja, na ndoa ile imedumu kuliko ya mwenye nyumba wangu. Niliwashauri mimi.

Mwaka 1969 Kanisa Katoliki likamwondoa Valentino kwenye kalenda yake ya jumla, kwa kuwa yanayojulikana kwa hakika juu yake ni machache mno. Mwenye siku kafutiwa siku, wewe unadaiwa mtoko!

Na hilo waridi? Naivasha kule Kenya wanayalima kwenye mabanda, mengi yanapanda ndege kwenda mnadani Uholanzi. Ua limesafiri kuliko wewe, halafu ulinunue kwa hesabu ya bosi?

Watu wa pwani hatukungoja Roma ituambie namna ya kutongoza. Tuna kanga. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilifunguliwa 1887, na kanga zake zikajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Doti ni vipande viwili, kila kimoja na pindo, mji na jina. Jina ndilo linalosema yale yanayokukwama kooni. Mimi nasoma jina la kanga kutoka ng'ambo ya barabara, mvaaji akiwa anatembea, na najua kagombana na nani. Wewe lisome kabla hujalipa. Mengine ni ya kumsuta jirani. Ukimpelekea mchumba hilo, hata mimi nitajifanya sikujui.

Mhariri ananionyesha saa, basi hukumu ni hii. Peleka hesabu ya bosi kwanza, maana pikipiki ikichukuliwa mchumba atafuata. Kisha Kariakoo, doti moja, jina la mapenzi, mkabidhi tarehe 13 kabla wauza maua hawajapandisha bei. Akidai zaidi ya hapo, mlete kwangu niseme naye. Asije mikono mitupu.