Jinsi ya Kufungua Maonyesho ya Sanaa ya Mtaani Bila Kufunga Duka

Kwanza tafuta duka. Usitafute ukumbi, wala jumba lenye kiyoyozi na mlinzi anayekuuliza umekuja kumwona nani. Tafuta fremu inayotazama barabara: ya vifuniko vya simu, ya mtumba, ya kinyozi mwenye viti viwili na redio isiyozimwa. Ikiwa si yako, ingia ununue kitu kabla ya kufungua mdomo, hata kama ni vocha. Kisha mweleze mwenye duka kwamba unaomba kuta zake kwa wiki mbili, na kwamba biashara yake itaendelea kama kawaida. Hilo la mwisho lishikilie kwa meno yote, kwa sababu hapo ndipo maonyesho mengi yanapofia.

Kuna ugonjwa, jamani. Mtu akipewa duka afanyie maonyesho, mikono inamwasha ahamishe bidhaa. Anaondoa kaunta, anapaka kuta rangi nyeupe, anafunga taa za kumulika, anabandika karatasi ya maelezo ambayo hata aliyeiandika hawezi kuimaliza kwa pumzi moja. Akishamaliza, mama wa mihogo wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akiingia kila asubuhi kununua sabuni, anapita mbali kana kwamba pamefunguliwa ofisi ya kodi. Na huyo ndiye mtazamaji uliyemhitaji kuliko wote. Sabuni yake iache palepale. Picha itundike juu ya sabuni.

Waliofanikiwa katika kazi hii walianzia hapo, mahali ambapo watu tayari wanapita. Keith Haring, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa akichora kwa chaki katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini New York, juu ya karatasi nyeusi zilizofunika matangazo yaliyokwisha muda wake. Polisi walimkamata mara kadhaa. Jina lake lilipokua, watu wakaanza kuzibandua zile karatasi usiku na kwenda kuziuza, na abiria wakabaki na kuta tupu. Alichofanya ni kufungua duka. Aprili 1986 Pop Shop ilianza kazi Lafayette Street, kuta na dari zimejaa mistari yake minene myeusi, na rafu zimejaa fulana, beji na mabango ya bei ya kawaida. Alitaka kijana wa Bronx aingie pale sawasawa na tajiri mwenye makusanyo ya sanaa. Wakosoaji walimsema kwamba ameigeuza sanaa kuwa biashara. Haring alifariki 1990 akiwa na miaka 31, na duka likaendelea hadi 2005.

Na kwetu je? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Picha zake hazikungoja jumba la makumbusho. Ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo watu walikwenda kununua mboga na mahitaji ya nyumbani. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze. Wanafunzi na ndugu zake wakaendelea palepale, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao. Ukisikia mtu anasema sanaa ya dukani ni sanaa ndogo, mpeleke Oysterbay ukamwonyeshe jina la Mtanzania lililogeuka kuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, dunia nzima, kuanzia kwenye foleni ya mboga.

Ukishapata ukuta, tafuta wachoraji. Hapa usiende mbali. Nenda kwa kinyozi, tazama lile bango la mlangoni lenye vichwa sita vya mitindo ya nywele. Inama. Kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo zilizoandikwa na brashi iliyokaribia kukauka, mara nyingi utakuta jina la mchoraji na namba ya simu. Mpigie. Mtu aliyeweza kuchora "panki" la mwaka jana mpaka wateja wakaagiza kwa kunyoosha kidole anajua jambo ambalo shuleni hufundishwi kwa mwaka mmoja.

Ukipata nafasi, mwangalie akifanya kazi. Anapiga mistari ya miraba kwa penseli juu ya picha ndogo aliyoletewa, kisha miraba ileile, mikubwa, kwa chaki ukutani, na anahamisha uso mraba kwa mraba: pua ikianzia hapa kwenye karatasi, inaanzia hapo ukutani. Vivuli vinatangulia, kahawia ya chini ya taya, weusi wa pembeni mwa pua. Kwa muda mrefu uso unabaki wa mtu yeyote. Halafu anachovya ncha ya brashi kwenye nyeupe na kuweka nukta moja kwenye kila mboni. Palepale unamtambua mtu, na watoto waliosimama nyuma yako wanamtaja kwa jina kabla yako. Tukio hilo lifanyike barabarani, saa za jioni, watu wakitoka kazini. Ni tangazo zuri kuliko bango lolote utakalochapisha.

Wa rangi za kupuliza nao waje, lakini kwa masharti. Wapulizie nje, juu ya mbao, wakiwa na barakoa zenye vichujio, na mbao ziingizwe dukani zikishakauka. Ukiruhusu makopo yafanye kazi ndani ya duka la mtumba, mama mmoja atakwenda nyumbani na nusu ya uso wa mwanasoka Mbwana Samatta kwenye mkono wa blauzi, wengine wataumwa kichwa siku tatu, na mwenye duka hatakusikiliza tena maisha yake yote.

Kama uko Nairobi, usisahau mafundi wa nganya, matatu zile zilizojaa michoro. Picha inayotoka Rongai kwenda mjini alfajiri inaonwa na watu wengi, na wengi wao wamekwama kwenye msongamano kando yake, kwa hiyo wanaitazama vizuri. Kanuni za matatu zilizoanza kutumika mwaka 2004, enzi za Waziri John Michuki, zilileta mstari wa manjano na kuifuta michoro ile, lakini mafundi hawakusahau kazi, na rangi zilirudi. Mtu kama huyo mpe ukuta mkubwa kuliko wote. Amezoea basi zima.

Kuhusu nini kichorwe, uliza mtaa. Bi Kidude, Kipchoge, mwigizaji wa tamthilia inayosimamisha mapishi saa mbili usiku: chukua nyuso ambazo mpita njia atabishana nazo. Ubishi ni uhai wa maonyesho. Mzee akisema pua ya Nyerere haikuwa hivyo, mletee kiti, maana ameshaanza kutazama picha kwa makini, na atarudi kesho na mwenzake wa kumuunga mkono. Jambo moja la tahadhari: kuchora mhusika wa filamu ya watu mara moja kwenye ubao ni jambo moja, kumchapa kwenye fulana mia mbili na kuziuza ni jingine, na lina sheria zake. Uliza ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kabla hujalipa mchapaji.

Sasa bei. Iandike. Iandike kubwa, kwa kalamu ya wino mzito, kwenye kadi kama ya bei ya sukari. Sijaona kitu kinachomfukuza mwananchi dukani kama picha isiyo na bei. Anajua maana yake: ukiuliza, huwezi. Claes Oldenburg alilitambua hilo Desemba 1961 alipokodi duka New York, East 2nd Street, akalijaza keki, nguo na vyakula alivyoviumba kwa plasta na kuvipaka rangi za kung'aa, akaviwekea bei kama muuza duka. Mwaka uliofuata Andy Warhol alipanga picha 32 za makopo ya supu kwenye Ferus Gallery ya Los Angeles, juu ya kirafu chembamba kilichozunguka ukuta, dola 100 kila moja. Jirani mmoja mwenye nyumba ya sanaa akaweka makopo halisi dirishani na kutangaza kwamba kwake ni rahisi zaidi. Picha chache tu zilipata wanunuzi. Irving Blum, mwenye Ferus, akaamua zisitawanyike, akazirudisha zilizokwisha kuuzwa na kumlipa Warhol dola 1,000 kwa seti nzima, kwa awamu za dola 100 kwa mwezi. Leo ziko Museum of Modern Art, New York. Kwa hiyo mteja akiomba kulipa kidogo kidogo, mkubalie na umwandikie kwenye daftari. Historia iko upande wake.

Na kupatana je? Kupatana kuwepo. Mchoraji akwambie mapema bei ya chini kabisa, na usiishuke hiyo hata akija mjomba wako.

"Hii inauzwa?"

"Inauzwa, mzee wangu. Elfu hamsini."

"Ukiniwekea thelathini?"

"Mchoraji ni huyo hapo nje, baba. Njoo uongee naye mwenyewe, ila arobaini haishuki."

Mtu aliyepatana bei ameitaka picha, na ataitundika sebuleni. Tarehe 13 Oktoba 2013 msanii wa mtaani Banksy alimweka mzee mmoja na meza ya picha kando ya Central Park, picha halisi kabisa, dola 60 kila moja, bila kumwambia mtu. Saa zilipita. Mnunuzi wa kwanza, mama mmoja, alichukua mbili ndogo kwa ajili ya watoto wake baada ya kupunguziwa nusu bei. Akaja mwingine akanunua mbili. Kisha bwana mmoja aliyekuwa na nyumba mpya na kuta tupu akabeba nne. Mauzo ya siku nzima: dola 420. Mwaka uliofuata picha mbili za meza ile zilipigwa mnada London na kupata zaidi ya pauni 100,000. Mimi nampenda yule mama kuliko wote katika kisa hiki. Alipenda picha, akaomba apunguziwe, akapunguziwa, akawapelekea watoto.

Kwa mwenye fedha ndogo weka stika, kadi na fulana karibu na mlango. Kila nakala iwe na sahihi na namba, maana kazi ikipendwa itaigwa. Haring alifungua Pop Shop nyingine Tokyo mwaka 1988, ndani ya makontena, na bidhaa bandia zilizozagaa mjini zikaiua mapema.

Siku ya ufunguzi usimwalike mgeni rasmi. Najua inauma. Lakini ukimwalika utahitaji kiti chenye kitambaa, maua ya plastiki, chupa ya maji ambayo hataifungua, utepe, mkasi, mshereheshaji wa kutaja itifaki yote, na wageni wa kweli watasimama juani saa mbili wakimsubiri. Akifika atazungumzia umuhimu wa vijana kujiajiri, atapiga picha akiwa ameupa ukuta kisogo, ataondoka. Fungua saa ileile duka linapofunguliwa. Mteja wa kwanza wa siku ndiye akate utepe, kama utepe lazima uwepo, na apewe sabuni ya bure. Hotuba iwe moja, ya mchoraji, akiwa amesimama mbele ya picha yake na kuieleza. Muziki uwe ule unaopigwa pale siku zote.

Tahadhari nyingine: usikate ukuta wa mtu, hata ukipendezwa namna gani na mchoro uliopo. Mwaka 2012 ulitokea mchoro wa Banksy kwenye ukuta wa duka la bei rahisi Wood Green, kaskazini mwa London: mtoto amepiga magoti kwenye cherehani, anashona bendera za Uingereza. Februari 2013 kipande kile cha ukuta kilikatwa na kupelekwa Marekani kwenye mnada wa Miami. Wakazi wakapiga kelele, mnada ukasitishwa, lakini Juni kikauzwa London kwa zaidi ya pauni 750,000, na Wood Green haikukipata tena. Mchoro uliozaliwa ukutani kwa ajili ya watu wa kituo fulani cha basi ni wa kituo kile. Upige picha, uitundike dukani, na uandike chini yake mahali ulipo ili mtu aende akauone kwa miguu yake.

Mwisho wa wiki ya pili, fungeni hesabu. Nyumba nyingi za sanaa huchukua nusu ya mauzo. Kwa duka la mtaani nusu ni kubwa mno, kwa sababu kodi ya fremu ingelipwa hata bila picha na wateja wa sabuni wameongezeka. Asilimia 20 inamtosha mwenye duka, inayobaki ni ya mchoraji, na makubaliano hayo yaandikwe siku ya kwanza, si siku ya kugawana. Mchoraji mlipe siku hiyohiyo ya hesabu, kwenye simu, kabla hajashuka ngazi aliyopandia kutoa picha yake. Ambazo hazikuuzwa azichukue zote, isipokuwa ile ambayo mama wa mihogo ameshaitolea kishika uchumba cha elfu tano.