Jinsi ya Kuchakaza Mgongo wa Kibarua: Mwongozo kwa Shefu Mpya

Hongera kwa kukabidhiwa zamu katika kiwanda cha hapa Rubavu, Rwanda. Kiwe cha bia, cha chai au cha unga, hesabu ni ileile: mgongo wa kibarua haumo kwenye daftari la mashine, kwa hiyo haudai grisi.

Anza na meza. Iwe fupi, iishie magotini. Kibarua atainama, ataichukua kreti kwa mikono iliyonyooka mbali na kifua, kisha atazungusha kiuno, miguu imeganda palepale, aitue kwenye paleti nyuma yake. Kuinama, kunyoosha mikono, kujipinda: yote matatu kwa mkupuo mmoja, na pingili za kiuno ndizo zinazolipa. Kuna watakaokushauri uinue meza kwa matofali. Wafukuze.

Kwa wanaochambua na kufungasha, shughulika na kifundo cha mkono. Mtu arudie mwondoko uleule tangu asubuhi hadi jioni. Vidole vyake vikifa ganzi usiku, mwambie anaulalia mkono vibaya. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliyaandika madhara ya namna hii mwaka 1700. Bahati yako, aliandika kwa Kilatini.

Sheria nayo isikunyime usingizi. Ile ya kazi ya Rwanda ya 2018 iliruhusu saa 45 kwa wiki, marekebisho ya 2023 yakazishusha hadi 40. Wewe ongeza mwendo wa mkanda tu. Mzigo utabaki uleule na karatasi zako zitakuwa safi.

Sasa bandika ukutani picha ya mtu anayeinua mzigo huku akitabasamu, kakunja magoti, mgongo wima. Toroli lingegharimu zaidi, tena lingeondoa mzigo wenyewe. Picha haiondoi kitu, ila tangu siku hiyo kila anayeumia ni mkaidi.

Kibarua akilalamika, neno "kazi" lisikutoke mdomoni. Mwajiri huichangia Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda (RSSB) asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini, na fomu ikishajazwa, maswali huanza. Sema ni uzee, hata kama ana miaka 26. Sema ni baridi ya ziwa. Kisha mwelekeze kwenye maji moto ya Nyamyumba, kando ya ziwa hilohilo la Kivu, akakandwe kiuno siku yake ya mapumziko, kwa pesa yake.

Jumatatu atakuja na kukuambia, "Shefu, leo nasikia nafuu."

Mpangie kreti za chini.