Asitapishwe!

Magharibi ile umeme ulikatika, na mama mkwe akatoa chupa ya mafuta ya taa kabatini ili ajaze koroboi. Ilikuwa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, maana mtaani kwetu mafuta hununuliwa kwa kipimo na mnunuzi huenda dukani na chupa yake. Aliiweka sakafuni akainuka kutafuta utambi. Kitindamimba wetu, anayekaribia miaka miwili, akaifikia. Tulisikia kikohozi cha kupaliwa, kisha kilio, kisha harufu ikajaa sebule.

Kila mtu akawa na dawa yake. Wifi alikimbilia maziwa. Shemeji alikoroga chumvi kwenye maji ya vuguvugu. Mama mkwe, huku anatetemeka, alitaka mtoto ainamishwe atiwe kidole kooni. "Yatoke, mwanangu, yatoke yote!" aliniambia, machozi yanamtiririka.

Mume wangu alikuwa ameshampigia jirani yetu, muuguzi mstaafu. Sauti yake ilitoka kwenye simu, kali kama ya mwalimu wa zamu: "Asitapishwe! Msimpe kitu chochote! Kanywa nini? Saa ngapi? Amekohoa?"

Alipoingia, mtandio begani, kwanza alimzuia shemeji asiwashe kiberiti, kwa kuwa fulana ya mtoto ilikuwa imelowa mafuta. Tukamvua, tukamwosha kifua na kidevu kwa maji na sabuni, nikampakata akiwa wima. Ndipo akamgeukia mama mkwe kwa upole. "Mama, mafuta haya yakikaa tumboni si hatari kama yakiingia mapafuni. Ni mepesi mno, yanateleza na kusambaa upesi. Ukimtapisha, unayapitisha kooni mara ya pili, na safari hii yanaweza kushuka kwenye pumzi. Hata maziwa yanaweza kumtapisha." Kisha akaniambia, "Hiyo chupa tunakwenda nayo."

Ndani ya bajaji alikuwa akimtazama mtoto mbavu, kama zinabonyea anapovuta pumzi. Hospitalini daktari aliuliza maswali yale yale, akanusa chupa, akambana mtoto kidoleni kwa kifaa cha kupima oksijeni. Ilikuwa imeshuka, naye alikuwa akihema haraka. Akawekewa oksijeni na kupigwa picha ya kifua. Shemeji aliuliza kwa nini hasafishwi tumbo. Daktari akajibu kwamba mpira wa kusafishia ungeweza kuleta matapishi yale yale tunayoyakwepa, na mkaa unaotumika kwa sumu nyingine haushiki mafuta ya taa. Hata antibayotiki hakuanza nazo, kwa sababu mapafu yalikuwa yamechomwa na mafuta. Hayakuwa na vijidudu. Akatueleza pia kwamba mtoto aliyekunywa mafuta ya taa huangaliwa kwa saa 6 au zaidi hata akionekana mzima, kwani shida ya kupumua inaweza kujitokeza baadaye.

Alfajiri pumzi yake ilitulia, akaomba uji. Mama mkwe alimshika mkono yule jirani, akashindwa kusema.

Nimeelewa tangu usiku ule kwamba mzazi aliyeshikwa na hofu hutaka kufanya jambo, lolote lile, na sumu haimsamehe anayebahatisha. Iwe mafuta ya taa, dawa ya kufulia au sumu ya panya, mtu mmoja nyumbani awe na ujasiri wa kuizuia mikono ya wengine, aulize kimenywewa nini, kiasi gani na saa ngapi, amtafute mtaalamu, achukue chupa na kukimbia. Hilo nalo ni tendo la mapenzi, na ndilo lililompa mtoto wetu nafasi ya kutibiwa kabla hajaumizwa zaidi.

Mafuta yetu sasa yamo kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, juu ambako mtoto hafiki. Mama mkwe mwenyewe huwaeleza wenzake wa kikoba kisa hiki bila kuficha, na hawaachi waondoke mpaka kila mmoja ameahidi kwamba akirudi kwake ataihamisha sumu yoyote iliyomo kwenye chupa ya maji au ya soda.